Kizuizini si rumande

Akikamatwa mwanasiasa hapa Zanzibar, iwe Wete au Darajani, kabla ya adhuhuri simu zote zishajaa kuwa "yuko kizuizini". Mara nyingi hayuko. Yuko kituoni kwa polisi akihojiwa, au ni mahabusu: ana kesi, ila hakupewa dhamana.

Kuwekwa kizuizini ni kufungiwa kwa amri ya Rais, bila ya shtaka wala hakimu, kwa hoja kwamba ukiachwa nje utahatarisha usalama wa nchi. Unafungiwa kwa linalohofiwa kuwa utalitenda. Basi, maana yake ndiyo hiyo.

Sheria yenyewe ilitungwa Tanganyika mwaka 1962, uhuru ukiwa bado mchanga, na mwaka 1985 ikarekebishwa ikatanuliwa hadi huku kwetu. Si kwamba kabla ya hapo tulikuwa salama. Waliotiwa katika jela ya Kwa Bamkwe baada ya Mapinduzi ya 1964 hawakuwa na tarehe ya kesi ya kuihesabia. Tume ya Nyalali, ile iliyotangulia mfumo wa vyama vingi wa 1992, iliitia sheria hiyo ya 1962 katika zile sheria 40 ilizotaka zifutwe au zirekebishwe. Ingalipo.

Sasa tazama wale tunaowataja sana. Maalim Seif alikamatwa Mei 1989, akakaa ndani mpaka Novemba 1991. Huyo alikuwa na shtaka: kukutwa na nyaraka za siri za serikali. Wale 18 wa chama cha CUF waliokaa jela ya Kiinua Miguu hadi 2000 walishtakiwa uhaini. (Mahakama ya Rufani ilisema mwaka huo kuwa uhaini hauwezi kutendwa dhidi ya Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar (SMZ), kwa sababu Zanzibar si dola yenye mamlaka kamili. Hukumu iliwafaa washtakiwa, na wengi wetu ikatukera papo hapo.) Masheikh wa jumuiya ya Uamsho nao walipelekwa Bara kwa Sheria ya Kuzuia Ugaidi ya 2002, wakakaa ndani miaka na miaka mpaka Mkurugenzi wa Mashtaka alipoiondoa kesi Juni 2021. Hakuna hata mmoja kati ya hao aliyekuwa kizuizini kwa maana ya sheria ya 1962.

"Si yale yale tu, mtu kafungwa?" Kwa mama anayebeba kapu la chakula mpaka mlango wa Chuo cha Mafunzo, yaani jela ya huku kwetu, ni yale yale. Kwa anayetaka kuipinga dola, hapana. Ukisimama jukwaani ukalalamika kuwa wenzako wako kizuizini, msemaji wa serikali atakujibu kwa utulivu kabisa kuwa hakuna aliyewekwa kizuizini, wote wana kesi mahakamani. Na atakuwa amesema kweli! Hoja yako imekufa, na wenzako wamo ndani.

Dola haina haja tena ya ile amri ya Rais, ambayo ni aibu kwake na huacha jina la aliyetia saini. Lipo shtaka lisilo na dhamana, uhaini au ugaidi, halafu upelelezi usiokamilika. Kesi inatajwa, inaahirishwa, inatajwa tena. Mshtakiwa anapandishwa karandinga asubuhi, anasikia tarehe nyingine, anarudishwa. Hakimu yupo, wakili yupo, hati ya mashtaka ipo, na miaka inakwenda. Ile sheria ya 1962 ukiifuta leo, hakuna mlango wa rumande utakaofunguka kwa ajili yake, ingawa kuifuta ni jambo jema.

Kwa hiyo ukiambiwa fulani yuko kizuizini, uliza kwanza kama amesomewa shtaka. Kama amesomewa, mwite mahabusu, na umdaie dhamana na ukomo wa upelelezi.