Orodha iliyokusudiwa kuwatisha majaji

Vijana wa sheria wanaokuja ofisini kwetu hapa Dodoma kwa mafunzo kwa vitendo, wiki ya kwanza tu huwa nawaonyesha filamu ya On the Basis of Sex. Ni ya mwaka 2018, iliongozwa na Mimi Leder, na Felicity Jones anaigiza kama Ruth Bader Ginsburg, miaka mingi kabla hajawa jaji wa Mahakama ya Juu ya Marekani. Ijumaa jioni tunafunga mlango, tunazima taa, filamu inamulikwa ukutani, bakuli la karanga linazunguka. Ikiisha, karibu wote wanazungumzia alivyosimama kuhutubia majaji watatu. Mimi nawarudisha kwenye karatasi, kwa sababu ushindi wa kesi ile ulipatikana kwenye karatasi.

Maisha yake filamu inayaeleza vizuri. Aliingia shule ya sheria ya Harvard mwaka 1956, wanawake tisa katika darasa la watu wapatao 500. Akamalizia Columbia mwaka 1959, akifungana na mwenzake kwenye nafasi ya kwanza, na bado ofisi za mawakili za New York hazikumtaka. Hapo sina la kuongeza.

Shauri lenyewe ndilo utamu. Charles Moritz alikuwa kapera wa Denver, akiishi na mama yake mwenye miaka 89. Kazi ilimsafirisha, kwa hiyo aliajiri mtu wa kumtunza bibi yule, na kwenye kodi ya mwaka 1968 akaomba punguzo la dola 600. Kifungu cha 214 cha sheria ya kodi kilitoa punguzo hilo kwa mwanamke yeyote, kwa mgane, kwa aliyetalikiana na mkewe, na kwa mume ambaye mkewe hajiwezi. Mwanamume ambaye hajawahi kuoa hakutajwa. Moritz alijitetea mwenyewe mahakama ya kodi. Alisema kwamba angekuwa binti anayemlea mama yake angepata, ila kwa kuwa ni mtoto wa kiume ananyimwa. Akashindwa. Martin, mume wa Ruth, alikuwa wakili wa kodi. Aliiona hukumu ile akampelekea mkewe chumba cha pili. Ruth mwenyewe alisimulia mara nyingi kwamba alimjibu hasomi kesi za kodi, mumewe akamwambia hii isome. Akaisoma, na wote wawili wakamkatia Moritz rufani.

Vijana huniuliza, sasa mpigania haki za wanawake anamtetea mwanamume kwa nini? Wakati ule sheria nyingi zilizombagua mwanamke ziliitwa ulinzi na upendeleo kwake. Ukimleta mwanamke analalamika, jaji anaona mtu anakataa zawadi. Moritz aliweka wazi kwamba sheria iliyodhani kulea wazazi ni kazi ya binti inamuumiza pia mtoto wa kiume anayelea. Halafu angalia kiasi: dola 600. Na angalia nafuu iliyoombwa. Hawakuomba kifungu kifutwe, waliomba kipanuliwe kimguse na Moritz. Jaji anayeogopa kubomoa nyumba anaweza kukubali kuongeza mlango. Novemba 1972 mahakama ya rufani iliyoko Denver ikaikubali rufani.

Sasa ile orodha. Wakili Mkuu wa Serikali alikuwa Erwin Griswold, yule yule aliyekuwa mkuu wa shule ya sheria Harvard enzi za Ruth. Aliiomba Mahakama ya Juu ilichukue shauri hilo, na kwenye maombi yake akaambatanisha orodha ya mamia ya vifungu vya sheria za nchi vinavyotofautisha mwanamke na mwanamume, iliyotolewa kwa kompyuta za Wizara ya Ulinzi. Maana yake: mkigusa hiki kimoja, haya yote yanafuata. Mahakama ya Juu ikakataa kulisikiliza. Orodha ikabaki kwa Ginsburg, imekusanywa tayari, na akawa nayo kama ramani ya mashauri yaliyofuata. Filamu inaileta kabla ya siku ya kusikilizwa Denver. Kweli ni kwamba ilikuja baada ya ushindi, na mimi naona mpangilio huo una uzito: hofu ya serikali ilikuja wakati mlango mdogo umeshafunguliwa.

Hofu hiyo tunayo hata kwetu. Mwaka 2005 wajane wawili walikwenda Mahakama Kuu Dar es Salaam kupinga kanuni za urithi za kimila zilizotangazwa mwaka 1963. Mwaka 2006 mahakama ilikubali kuwa zinabagua, kisha ikasita kuzifuta, ikisema mila za makabila yote zaidi ya 120 zitafuata njia hiyo hiyo. Kila nikiisoma naumia upya. Majaji waliiona orodha ndefu, wakarudi nyuma.

Linganisha na Holaria Pastory, mwanamke wa Muleba: shamba moja la ukoo aliloachiwa na baba yake kwa wosia, akaliuza kwa shilingi 300,000, na mpwa wake akamshtaki kwa kuwa mila ilimkataza mwanamke kuuza ardhi ya ukoo. Jaji Mwalusanya alimpa haki mwaka 1990. Au Rebeca Gyumi, mzaliwa wa hapa hapa Dodoma, aliyepinga vifungu viwili tu vya Sheria ya Ndoa ya 1971, cha 13 na cha 17, vilivyoruhusu msichana kuolewa kabla ya miaka 18. Akashinda Mahakama Kuu mwaka 2016, na Mahakama ya Rufani ikaitupa rufaa ya serikali mwaka 2019.

Alikuja kwetu mama mmoja kutoka Bahi. Alimuuguza baba yake miaka sita. Alifungua fundo la khanga akatoa daftari la mistari, tarehe za dawa zote zimo kwa kalamu ya bluu, na risiti za famasi zimebanwa na pini ya nguo. Baada ya matanga kaka zake walimwambia mashamba ya mpunga ni ya wanaume. Kijana wetu wa mafunzo alitaka tufungue shauri la kikatiba dhidi ya mila zote za namna hiyo. Nikamwambia, "Msomi, kwanza niletee orodha ya warithi iliyopelekwa mahakamani."

Akaileta kutoka Mahakama ya Mwanzo. Kaka watatu, jina la mama yule halimo. Tukaandaa pingamizi la kurasa mbili, tukaegemea kifungu cha 20(2) cha Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, kinachobatilisha mila inayomnyima mwanamke kumiliki au kutumia ardhi. Daftari likawa kielelezo. Hakimu aliligeuza ukurasa kwa ukurasa, hakusema neno muda mrefu, kisha akaagiza orodha iandikwe upya. Jina lake sasa ni la pili, chini ya kaka yake mkubwa.