Pengo la mishahara: yanayodhaniwa na yalivyo

Dhana: Walio chini wanataka wote walipwe sawa.

Hapana. Mwaka 2009, watu zaidi ya 55,000 katika nchi 40 waliulizwa mkuu wa kampuni kubwa hupata kiasi gani na anastahili kiasi gani, kisha wakaulizwa hivyo hivyo kuhusu mfanyakazi asiye na ujuzi. Katika nchi ya katikati ya orodha, watu walidhani mkuu hupata mara 10 ya mdogo. Haki, kwao, ilikuwa mara 4.6. Tofauti waliikubali, ukubwa wake ndio uliowashinda kumeza.

Dhana: Ni suala la utamaduni tu.

Utamaduni una nguvu, sikatai. Wadenmaki waliona mara 2 zinatosha, Wataiwan wakakubali 20. Lakini matajiri kwa maskini, wa mrengo wa kulia kwa wa kushoto, walitaka pengo dogo kuliko walilodhani lipo. Wamarekani walikisia mara 30, ilhali katika kampuni zao kubwa lilikuwa limepita mara 350. Anayesema wafanyakazi wake wameridhika aulize kwanza kama wanajua wanachoridhika nacho.

(Kutamani pengo dogo si kutaka sheria. Novemba 2013 Waswisi walipiga kura kuhusu kumzuia mkuu asipate kwa mwezi zaidi ya anachopata mdogo kwa mwaka. Takriban asilimia 65 walikataa.)

Dhana: Kinachouma zaidi ni mshahara wa bosi.

Hapa ndipo waajiri wengi wanapokosea. Katika benki moja kubwa ya Asia, waliogundua kwamba mabosi hulipwa zaidi ya walivyodhani waliongeza bidii, kwa sababu cheo kile wao pia wanakitarajia. Waliogundua hivyo kuhusu wenzao wa ngazi moja walilegea.

Huko Odisha, India, watafiti waliwapanga vibarua watatu watatu, kila kundi likitengeneza bidhaa ya aina moja. Walipolipwa tofauti bila sababu kuonekana, aliyepata kidogo alipunguza kazi, na siku nyingine hakufika kabisa, akaona heri akose ujira wa siku. Wenzao waliolipwa vivyo hivyo, lakini katika kazi ambayo kila mtu aliona kwa macho nani amemaliza nyingi, waliendelea kufika na kuchapa kazi kama kawaida.