Kuzimiwa maiki si lazima uwe umenyimwa haki

Kila kikao cha wananchi kuhusu bajeti ya kaunti hapa Mombasa hakikosi mtu wake. Muda umemwishia, mwenyekiti anamwomba akae, naye anapaza sauti: "Ibara ya 33! Demokrasia iko wapi?" Anaitaja ibara ya Katiba ya Kenya inayolinda uhuru wa kujieleza. Mimi kazi yangu ni kufundisha nadharia ya siasa, na jamani, nimechoka.

Mipaka iliyomo ndani ya ibara yenyewe (uchochezi wa vurugu, matamshi ya chuki, propaganda ya vita) kaisome mwenyewe. Kinachonikera mimi ni dhana kwamba uhuru wa kujieleza uliwekwa ili kila mtu atoe dukuduku lake. Mwanafalsafa Alexander Meiklejohn, akiandika Marekani mwaka 1948, alianzia kwenye mkutano wa wakazi waliokusanyika kuamua mambo yao. Kwake, si lazima kila mtu aseme. Lazima kila linalostahili kusemwa lisemwe, kwa sababu wanaosikiliza ndio watakaoamua. Basi ukiwa mtu wa kumi kulalamikia mtaro ule ule wa Majengo, ukaambiwa "tumekusikia ndugu, keti", hujadhulumiwa. Lakini wanaosifu ushuru mpya wa soko wakiachwa waseme robo saa, halafu mama muuza mboga wa Kongowea anayeupinga akazimiwa maiki baada ya dakika moja, hapo pameharibika. Iliyozimwa ni hoja, na aliyedhulumiwa si yeye peke yake, ni ukumbi mzima uliopaswa kuisikia.

Ndiyo maana naupenda uamuzi wa Mahakama Kuu ya hapa Mombasa wa mwaka 2012, ulioondoa marufuku dhidi ya MRC (Mombasa Republican Council), kundi lililotaka Pwani ijitenge na Kenya. Kaulimbiu yao, "Pwani si Kenya", inawaudhi wengi, sawa, ila ni hoja ya kisiasa na ijibiwe kwa hoja. Atakayevunja sheria ashtakiwe kwa alilolitenda.

Kwenye matamshi ya chuki ndipo ninapokuna kichwa. Mwanafalsafa wa sheria Ronald Dworkin alisema ukimziba mtu mdomo sheria inapojadiliwa, unapunguza uhalali wa kumlazimisha aitii. Sikubaliani naye, lakini jibu la kumnyamazisha sina.

Na Meiklejohn naye ana shimo lake: nani anaamua lipi linastahili kusemwa? Mwenyekiti huyo huyo, ambaye pengine anataka bajeti ipite kabla ya adhuhuri? Ndiyo maana nikifika ukumbini, kabla hata sijauliza kuhusu fedha, huuliza orodha ya wazungumzaji imeandikwa na nani.