Jiwe linajibu pampu ikishazimwa: tunavyopima frakingi kwenye kisima cha utafutaji

Kila nikirudi nyumbani Tanzania kuna mtu ananiuliza kama gesi ya Mtwara inatolewa kwa frakingi, yaani kupasua mwamba kwa maji yenye presha, na jibu ni hapana, gesi ya Songo Songo iliyogunduliwa 1974 na ile ya Mnazi Bay iliyogunduliwa 1982 iko kwenye miamba ya mchanga yenye vitundu vinavyowasiliana, ukitoboa inakuja yenyewe kwa presha yake. Kazi ninayofanya mimi ni ya jiwe lingine kabisa. Ni mwamba wa tope la kale lililokandamizwa mpaka likawa gumu, gesi imezaliwa humohumo na imenasa humohumo, wazungu wanaita gesi ya sheli (sio sheli ya kujazia mafuta jamani, majina tu yamegongana). Jiwe hili linapitisha gesi kwa uwezo ambao unaweza kuwa mdogo mara milioni moja kuliko mchanga mzuri. Kwahiyo ukitoboa tu hupati kitu, inabidi ulipasue kwa maji yenye presha na uweke mchanga ndani ya nyufa zisijifunge.

Watu wengi wanadhani frakingi ya kwanza kwenye kisima cha utafutaji ni ya kutoa gesi. Hapana, ile ni ya kuuliza. Unauliza jiwe limebanwa kwa nguvu kiasi gani, linapasukia upande gani, linanyonya maji haraka au taratibu, presha ya gesi ndani yake ni ngapi, na kuna nini jirani ambacho hatukukiona. Na majibu mengi ya maana yanakuja pampu ikishazimwa. Hilo ndo nataka watu walielewe leo kwasababu nimeona mara nyingi mno watu wanakodolea macho presha ya kupampu halafu pampu ikishazimwa wanaondoka kwenda kula.

Tunaanza na jaribio dogo. Kisima kimeshawekewa kesingi, yaani bomba la chuma la kushikilia kuta zake, na saruji, tunatoboa matundu machache kwenye sehemu fupi, tunajaza maji matupu bila mchanga, halafu tunasukuma mita za ujazo chache tu, mbili, tano, kumi hivi, kwa dakika chache. Presha inapanda, inapanda, ghafla inashuka kidogo, hapo jiwe limepasuka. Unaendelea kusukuma kidogo kwa mwendo uleule halafu unazima na kufunga valvu. Ukitazama grafu wakati huo utaona presha inarukaruka kama mawimbi, ni kitu kilekile unachokisikia nyumbani ukifunga bomba ghafla na ukuta ukagonga, maji yaliyokuwa yanakimbia yamesimamishwa kwa nguvu yanagonga huku na huku. Usisome chochote hapo, subiri yatulie, halafu rudisha mstari nyuma mpaka sekunde ile uliyozima, hiyo ndo presha halisi iliyokuwa ndani ya ufa bila msuguano wa bomba na matundu.

Baada ya hapo ni kusubiri. Maji yanapenya taratibu kutoka kwenye ufa kuingia kwenye jiwe, presha inashuka, na inafika mahali ufa unajifunga. Kwenye grafu ya kawaida huoni hilo kirahisi, ndo maana tunatumia namna ya kupanga muda ambayo Kenneth Nolte aliitoa 1979, ukiichora hivyo mstari unanyooka halafu unavunjika pale ufa ulipofunga. Presha hiyo ya kufunga inakwambia mbano mdogo kuliko yote chini kule. Kwanini mdogo? Kwasababu ufa unafunguka kwa kusukuma upande wenye mbano mdogo, ni kama umebanwa kwenye daladala asubuhi, ukitaka nafasi unasukuma upande ambao watu hawajakubana sana. Ukiujua mbano huo unajua frakingi kubwa yenyewe itahitaji pampu ngapi, na unaanza pia kupata picha kama folti iliyo karibu, yaani mkato wa zamani kwenye miamba, iko karibu kuteleza au iko salama.

Na bado hujamaliza! Mkia wa grafu baada ya ufa kufunga ndo unakupa presha ya gesi na uwezo wa jiwe kupitisha, na kwenye mwamba wa tope mkia huo unachukua siku, mara nyingine wiki. Kwa kipimo cha haraka, maji yenyewe kwa uzito wake yanatoa presha ya karibu bar 1 kila mita 10, kwahiyo mita 2,300 chini ni kama bar 225. Ukipata presha ya gesi iko juu ya hapo kwa kiasi kizuri basi una habari njema, gesi ina nguvu ya kujisukuma. Ukikatisha jaribio baada ya masaa sita huwezi kujua, utakuwa unakisia tu.

Niliwahi kuwa kwenye kisima kimoja, sitaji nchi wala kampuni, presha ikawa inashuka vizuri kwa kasi na watu wakafurahi sana kwamba jiwe linapitisha kuliko tulivyotarajia. Mi sikulala vizuri usiku ule. Mtambo wa gharama ulikuwa umesimama unakula hela na kila mtu alitaka tuseme ndiyo tuendelee. Kijana wa zamu ya usiku akapita na tochi akaona tone linadondoka kwenye valvu moja ya juu, tone tu, halafu lingine. Piga hesabu: kisima kina maji mita za ujazo 25, maji hayabanikiki kirahisi, zikivuja lita 11 tu presha inashuka karibu bar 10. Yule "mwamba mzuri" tuliokuwa tunaushangilia alikuwa ni valvu mbovu. Tukabadilisha, tukarudia jaribio zima, na jibu la pili lilikuwa la huzuni kuliko la kwanza lakini lilikuwa la kweli. Tangu siku ile nataka geji iwe chini kabisa karibu na matundu, sio ya juu peke yake, maana ya juu hata jua la mchana linaipandisha na baridi ya usiku inaishusha.

Sasa nieleze kwanini hii kusubiri sio mambo ya maabara tu, na mfano ninaourudia kila mara ni Lancashire, kaskazini magharibi mwa Uingereza. Kampuni ya Cuadrilla ilichimba kisima cha Preese Hall karibu na Blackpool, kilianza 2010, kisima cha wima cha kupima mwamba wa Bowland. Mwaka 2011 wakaanza frakingi hatua kwa hatua. Hatua ya pili iliingiza zaidi ya mita za ujazo 2,000 za maji, na usiku wa tarehe 1 Aprili ardhi ikatikisika, tetemeko la ukubwa wa 2.3. Kesingi ilikutwa imepinda umbo huko chini. Wakaendelea na hatua nyingine, tarehe 27 Mei ikaja 1.5, kazi ikasimamishwa. Wataalamu watatu walioandika ripoti kwa serikali 2012, Green, Styles na Baptie, walisema wazi kwamba frakingi ndo iliyosababisha, na mapendekezo yao yalikuwa yaleyale ninayoyapigia kelele: anza kwa kusukuma maji kidogo kabla ya yale mengi, sikiliza, halafu ndo uendelee. Wakapendekeza na mfumo kama wa taa za barabarani, tetemeko likifika ukubwa wa 0.5 ni nyekundu, simamisha.

0.5 ni ndogo sana, mtu aliyekaa sebuleni hawezi kuisikia. Ukilinganisha, Alberta huko Kanada kwenye eneo la Fox Creek tangu 2015 taa nyekundu ni 4.0. Wenzangu wengi wanasema Uingereza walijifunga mikono wenyewe. Mi naona tofauti kidogo. Lancashire watu wanaishi mlangoni kwa kisima, na ile 0.5 haikuwekwa kwasababu inabomoa nyumba, imewekwa kwasababu kinachokuja baadaye kinaweza kuwa kikubwa zaidi.

Ikaja Preston New Road, kilomita chache tu kutoka pale. Kisima cha kwanza cha ulalo, karibu mita 2,300 chini, kilianza kupasuliwa Oktoba 2018. Safari hii kulikuwa na vinasa mtetemo ndani ya kisima cha jirani, na vilinasa mitetemo zaidi ya 38,000, mingi sana ni midogo mno isiyojulikana juu ya ardhi, ni kama kusikiliza kuni zinavyopasuka kwenye moto. Hiyo data ni hazina, mpaka leo naifundishia vijana. Walipanga hatua 41 na hawakumaliza hata nusu, kila mara taa nyekundu, simama masaa 18, anza tena. Tarehe 11 Desemba ikafika 1.5. Gesi ilionekana juu kweli, ikapimwa, lakini kisima kilichopasuliwa nusunusu kinakupa jibu la nusunusu.

Kisima cha pili kikaanza Agosti 2019. Hatua saba tu kati ya zaidi ya 40 zilizopangwa. Tarehe 21 na 24 mitetemo ikapanda, pampu zikawa zimeshazimwa tarehe 23. Wote wakatulia, hakuna aliyesukuma maji tena. Asubuhi ya tarehe 26, karibu siku tatu baada ya pampu kunyamaza, ikaja 2.9. Nyumba zilitikisika, watu wakaripoti uharibifu mdogo mdogo. Kwa urefu wa mawimbi yenyewe hiyo ni kama mara 250 ya ile 0.5 ya taa nyekundu. Na folti iliyoteleza haikuwa imeonekana kwenye picha za ardhi za pande tatu zilizopigwa kabla ya kuchimba, pamoja na gharama yake yote. Tarehe 2 Novemba mwaka huohuo serikali ikafunga frakingi England, ikafunguliwa Septemba 2022, ikafungwa tena mwezi uliofuata.

Kuna anayeniuliza kama majaribio haya ni hasara tupu. Hapana! Angalia Poland. Mwaka 2011 shirika la takwimu za nishati la Marekani lilikadiria kuna futi za ujazo trilioni 187 za gesi ya aina hii, nchi nzima ikasisimka. Mwaka uliofuata taasisi ya jiolojia ya Poland ikashusha makadirio kwa kiasi kikubwa sana, visima vikachimbwa, vikapasuliwa, vikapimwa, na gesi iliyotoka haikulipa. ExxonMobil ikaondoka 2012, Chevron na ConocoPhillips 2015. Kwa mimi hayo ni majaribio yaliyofanya kazi yake, yalizuia watu kumwaga hela kwenye mamia ya visima.

Kwahiyo mkiniletea matokeo ya kisima, na nawaomba vijana mnaonitumia mafaili endeleeni kunitumia, msinikatie grafu pale pampu ilipozimwa. Niletee mkia wote, na uniandikie geji ilikuwa kina gani, valvu zilikaguliwa saa ngapi na nani, vinasa mtetemo viliachwa vikisikiliza siku ngapi baada ya hapo. Mita ya pampu nitaiangalia mwisho.