Vita vya Shela Havina Mwenyewe, Kitabu Kinaye

Vijana wanaoandika riwaya za kihistoria hapa Lamu wameongezeka, na miswada yao ina kasoro mbili zinazojirudia. Kuna anayeogopa kugusa chochote kilichowahi kuandikwa na mwingine, na kuna anayenyofoa kurasa nzima kwa hoja kwamba mambo yenyewe ni ya kale. Wote wawili wanafuata maneno ya barazani kuhusu hakimiliki, nami nayajibu hapa moja moja.

Dhana: Aliyetangulia kuandika kuhusu tukio ndiye mwenye tukio hilo.

Sivyo. Hakimiliki hulinda namna jambo lilivyoelezwa, jambo lenyewe hailigusi. Vita vya Shela, kijiji kilicho kisiwani Lamu, vilipiganwa mwanzoni mwa miaka ya 1810, Waamu wakawashinda watu wa Pate na Wamazrui, watawala wa Mombasa. Kwamba maji yalikupwa na vyombo vya wavamizi vikakwama mchangani ni simulizi ya watu wote, itumie upendavyo. Nadharia ya mtafiti nayo ni vigumu kuifungia kabatini: mwaka 2007 Mahakama ya Rufaa ya London iliwakatalia waandishi wawili waliodai kuwa mtunzi wa riwaya Dan Brown aliiba nadharia ya kitabu chao cha historia.

Usilale, hata hivyo. Mwaka 1980 mahakama ya huko huko London ilimkuta mtunzi James Herbert na kosa, kwa kuwa alichota kwenye kitabu cha Trevor Ravenscroft zaidi ya habari tupu. Hukumu hizo haziifungi Kenya, lakini mantiki yake inaeleweka. Tuseme mwanahistoria ameisimulia Shela kwa kuanza na mwanamke aliye darini, anasikia ngoma, anahesabu matanga, kisha anashuka kumwamsha mumewe. Ukiandika vita ni halali yako. Ukiandika dari, ngoma, matanga na mume kwa mpangilio uleule, umebeba kazi ya mtu, hata kama umebadilisha kila neno.

Dhana: Utenzi ni wa kale, basi nitanakili toleo lolote.

Hapa ndipo watu huteleza zaidi, na ndipo ningependa mtunzi akae kwa makini. Al-Inkishafi ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir ni ya takriban miaka 200 iliyopita. Beti zake ziko huru. Lakini kitabu ulichoshika mkononi si beti peke yake: kina tafsiri, utangulizi na maelezo, na kila kimoja kina umri wake. James de Vere Allen, aliyewahi kuwa mhifadhi wa Makumbusho ya Lamu, alitoa toleo lake mwaka 1977, akafariki 1990. Sheria ya Kenya hulinda maandishi kwa maisha ya mwandishi na miaka 50 tangu mwisho wa mwaka aliofariki. Tafsiri na maelezo yake, basi, yanalindwa hadi mwisho wa 2040.

Linganisha na shajara ya safari ya Vasco da Gama, aliyetia nanga Malindi Aprili 1498. Tafsiri ya Kiingereza ya E. G. Ravenstein ilitoka 1898 na mwenyewe alifariki 1913. Hiyo nakili bila wasiwasi, au igeuze Kiswahili, na Kiswahili hicho kitakuwa chako. Ila ukiuza riwaya yako nje kupitia mtandao, sheria za huko zinakuhusu pia. Uingereza na Umoja wa Ulaya kwa kawaida huhesabu miaka 70.

Dhana: Nimetaja chanzo, nimesalimika.

Kutaja ni adabu, na wakati mwingine ni sharti. Ruhusa ni jambo jingine. Habari ya kwamba ukinakili maneno yasiyozidi 30 huna kosa nayo haimo katika sheria.

Dhana: Mzee alisimulia kwa mdomo, kwa hiyo hakuna haki ya mtu.

Sauti uliyorekodi ina hakimiliki, na kama aliyerekodi ni mwenzako, usiichukue kama yako. Zaidi ya hapo, Kenya ina sheria ya mwaka 2016 inayolinda maarifa ya jadi na sanaa za jamii. Kuhusu Mekatilili wa Menza na upinzani wa Wagiriama wa 1913 na 1914, andika. Hiyo ni historia. Lakini nyimbo na maneno ya kaya, yaani misitu mitakatifu ya Wamijikenda, yanayotunzwa na jamii, kawaombe wazee wa Malindi kabla hujayatia kwenye kitabu cha kuuza. Binafsi ningeomba hata kama sheria hiyo isingekuwepo.

Dhana: Bila cheti cha Bodi ya Hakimiliki huna haki.

Haki huanza pale unapoandika. Cheti ni ushahidi, nacho hufaa siku ya ugomvi.

Na picha ya zamani ya bandari unayoitamani kwa jalada? Kenya huhesabu miaka 50 tangu ilipopigwa au kutolewa kwa umma, tarehe iliyo ya karibuni zaidi. Taasisi inayoitunza inaweza kuwa na masharti na ada zake za kutoa nakala, kwa hiyo waulize kabla hujamlipa msanifu.