PSA imepanda? Subiri kwanza kabla hujaita ukoo

Juzi kaja mzee mmoja hapa maabara na mwanae, karatasi ya majibu imekunjwa mpaka imechakaa, kile kipimo cha damu cha tezi dume, PSA 7.2, na nyumbani tayari ndugu wa mikoani wameshapigiwa simu. Nikamwamkia, nikamuuliza mzee siku unatolewa hii damu ulikuwa unaumwa nini, kumbe mkojo ulikuwa umeziba kabisa, amewekewa mpira na alikuwa katolewa siku tatu tu kabla. Sasa hapo hiyo namba utaisomaje?

PSA ni protini inayotengenezwa na tezi dume yenyewe, hata ile nzima isiyo na tatizo lolote, kazi yake kulainisha shahawa zisigande ili mbegu ziweze kuogelea. Kawaida inabaki hukohuko, kwenye damu inavuja kidogo sana. Kitu chochote kikiitibua tezi basi uvujaji unaongezeka, saratani ndiyo, lakini pia tezi kutanuka kwa ajili ya umri, UTI, mpira wa mkojo, hata tendo la ndoa siku moja mbili kabla ya kipimo. Yaani PSA inakwambia tezi ina jambo, haikwambii jambo gani.

Na ile 4 tuliyoikariri wote kuwa ndo mwisho wa PSA ya kawaida siyo ukuta jamani. Wanaume wanne wenye PSA kati ya 4 na 10 wakikatwa kinyama cha tezi kikapimwe, takriban mmoja ndo anakutwa na saratani. Upande wa pili ndo unaniuma zaidi, kuna utafiti mkubwa wa Marekani majibu yake yalitoka 2004, waliwakata kinyama wanaume ambao PSA yao haijawahi kuvuka 4, karibu 15 kwa kila 100 wakakutwa nayo. Kwa hiyo aliyepata 3 asicheke sana na aliyepata 7 asiandike wosia.

Hapo kati ya 4 na 10 ndo napenda daktari aombe na PSA huru. Kwenye damu nyingi inatembea imeshikana na protini nyingine, kidogo inatembea yenyewe, na mwenye saratani mara nyingi ile huru inakuwa sehemu ndogo zaidi. Ikiwa chini ya asilimia 10 ya PSA yote wasiwasi unapanda, ikizidi 25 unapumua kidogo. Wenzetu wameongeza vipimo kama PHI, inayohesabu na proPSA, yaani PSA ambayo bado changa, na 4Kscore yenye protini nne za ukoo mmoja, vyote vinasaidia kuamua nani akatwe kinyama na nani aachwe.

Halafu dawa, tafadhali mseme dawa mnazotumia! Finasteride na dutasteride wanazopewa wazee wenye tezi iliyotanuka zinashusha PSA karibu nusu ndani ya miezi kama sita hadi mwaka, kwa hiyo 3 ya mzee huyo daktari anatakiwa aisome kama 6, na asipoambiwa atamrudisha nyumbani.

Mzee wangu amalize kwanza antibayotiki, baada ya wiki sita tunarudia damu na PSA huru, na kile kipimo cha kidole njia ya haja kubwa, ambacho mzee anakikwepa, daktari atamfanyia. Mwanae nimemwambia akifika 45 aje na yeye, maana babu yake alikufa na "kuziba mkojo" na hakuna mtu aliyewahi kumpima.