Je, wajua kwa nini dhahabu 6 kati ya 7 za mieleka ya Romania zimetoka kwenye mtindo unaokataza kushika miguu?

Mabingwa wa Olimpiki wa mieleka kutoka Romania ni 7 tu. Wa kwanza ni Dumitru Pârvulescu, Roma 1960. Gheorghe Berceanu na Nicolae Martinescu walifuata Munich 1972, kisha Ștefan Rusu akatwaa yake Moscow 1980. Ion Draica na Vasile Andrei walishinda Los Angeles 1984, na wa mwisho ni Vasile Pușcașu, Seoul 1988. Sita wa mwanzo walishinda katika mtindo wa Kigiriki-Kirumi, ambamo huruhusiwi kumshika mpinzani chini ya kiuno wala kumpiga ngwala. Pușcașu peke yake alipata dhahabu katika mtindo huru, ambao miguu ni halali kushikwa na kutegwa.

Wengi hujibu swali hili kwa kutaja mila. Vijiji vya Romania vina mieleka yake ya kienyeji iitwayo trântă, inayochezwa kwenye sherehe na minada, na mshindi huondoka na kondoo dume. Hata kwenye ngano zao, shujaa anapokutana na zimwi na kuulizwa wakatane kwa panga au wapigane mieleka, huchagua mieleka kwa kuwa ndiyo ya haki zaidi. Ni kweli, ila trântă ina namna ya kushikana kifuani bila ngwala na namna nyingine inayoruhusu ngwala. Kwa hiyo mila iliwaleta vijana ukumbini, haikuwachagulia mtindo. Sababu yenye uzito zaidi, kwa maoni yetu, ni jinsi mashindano yalivyohesabiwa zamani, pamoja na mazoezi ya klabu za dola.

Tuanze na hesabu, maana wengi huisahau. Roma 1960 hadi Munich 1972 hapakuwa na mtoano wa kawaida. Kila mchezaji alianza na sifuri, na kila pambano likamwongezea alama mbaya. Ukimlaza mpinzani chali, mabega yote mawili yakagusa zulia, hubebi alama yoyote. Ukishinda kwa pointi unabeba 1, sare ni 2, ukishindwa kwa pointi ni 3, ukilazwa chali ni 4. Ukifikisha 6, safari imekwisha. Mtu aliyelazwa chali mara moja na kushinda kwa pointi mara mbili ana 4 + 1 + 1, ametoka, ingawa ameshinda mapambano 2 kati ya 3. Aliyetoka sare mara 3 naye ametoka bila kushindwa na yeyote. Wakibaki watatu au pungufu, hao hukutana wenyewe kwa wenyewe kutafuta medali, na pambano walilokwisha kucheza baina yao halirudiwi. Kufikia Munich ziliongezwa nusu: ushindi wa pointi nyingi mno ulibeba 0.5, na aliyeshindwa hivyo 3.5.

Katika hesabu ya namna hiyo, anayecheza kwa kujilinda hujimaliza mwenyewe kidogo kidogo. Anayefaidika ni yule anayejua kumtupa mtu akatua kwa mabega. Pârvulescu alipita katika mfumo huo akiwa na uzani wa kilo 52, mapambano yakichezwa ndani ya magofu ya Basilika ya Maxentius, kila moja likiweza kufika dakika 12. Alimwacha nafasi ya pili Osman Sayed wa Misri, iliyoshiriki kwa jina la Jamhuri ya Muungano wa Kiarabu, na nafasi ya tatu Mohammad Paziraei wa Iran. Miaka minne baadaye, Tokyo, akaongeza shaba.

Sasa huko kutupa kunafanyikaje? Kazi huanza kwapani. Kila mmoja hupigania kupenyeza mkono chini ya kwapa la mwenzake, kiwiko kikiwa karibu na mwili na kiganja kikifika kwenye bega la nyuma. Anayefanikiwa kuingiza mikono yote miwili ndiye mwenye kifua cha mwenzake. Hapo hufunga mikono kiganja kwa kiganja bila kusukanisha vidole, kwa sababu vidole vilivyosukana hunasa na kuvunjika mtu akianguka juu yake. Kisha hupiga hatua kati ya miguu ya mpinzani na kukunja magoti hadi nyonga zake zikae chini kuliko za mwenzake. Kifua kikiwa kimegandana na kifua, husukuma nyonga mbele na juu, hujikunja kinyumenyume kama upinde, na kabla ya kufika chini hujigeuza hewani ili mpinzani atangulie kutua.

Makosa ni yaleyale kila ukumbi. La kwanza ni kuacha nafasi kati ya vifua, na mpinzani hupenyeza kiwiko hapo na kukusukuma. La pili ni kuinua kwa mgongo badala ya miguu: mtu hanyanyuki, na kesho yake kiuno kinauma. La tatu ni baya zaidi, kusahau kujigeuza. Ukitua wewe kwa mgongo, mwamuzi anampa mwenzako pointi, na huenda ukalazwa chali kwa mtupo wako mwenyewe. Ndiyo maana mazoezi ya mtindo huu huanza na shingo: daraja la kichwa na miguu, mbele na nyuma, kila siku, kabla mtu hajaruhusiwa kutupa mwenzake.

Chini kwenye zulia silaha kuu ni kuviringisha. Mpinzani yuko kifudifudi, wewe unamzunguka mikono kiunoni juu kidogo ya mfupa wa nyonga, unakaza, unainua nyonga zako na kupindukia juu ya daraja lako mwenyewe ukiwa naye. Kwa kanuni za leo kila mzunguko ni pointi 2, na katika Kigiriki-Kirumi tofauti ya pointi 8 humaliza pambano. Mizunguko minne mfululizo, basi. Mikono ikiteleza hadi mbavuni haizunguki kitu. Yule wa chini hujibandika tumbo kwenye zulia na kuvuta nyonga zake mbali nawe.

Ufundi huu si mwingi kwa idadi, lakini unadai marudio mengi na wenza wa kila uzani. Hapo ndipo zilipoingia klabu kama Steaua ya jeshi na Dinamo ya wizara ya mambo ya ndani, zote za Bucharest. Mchezaji aliandikishwa kama askari, akalipwa mshahara, akafanya mazoezi siku nzima huku kwenye karatasi akibaki mchezaji wa ridhaa. Chumba kimoja kilikuwa na watu wa kilo 48 na watu wa zaidi ya kilo 100.

Matokeo yake yalionekana Munich. Uzani wa kilo 48 ulianza kwenye ubingwa wa dunia mwaka 1969. Kabla ya hapo mdogo kuliko wote alilazimika kupambana na watu wa kilo 52. Berceanu aliuchukua ubingwa huo 1969 na 1970, halafu dhahabu ya Olimpiki 1972, mbele ya Rahim Aliabadi wa Iran na Stefan Angelov wa Bulgaria. Kwenye mashindano hayohayo Martinescu alitwaa dhahabu ya kilo 100. Montreal 1976 Berceanu alirudi na fedha, nyuma ya Alexey Shumakov wa Umoja wa Kisovyeti.

Mwenye rekodi ya kuvutia kuliko wote ni Rusu, na tunadhani hatajwi inavyostahili. Fedha 1976 kwenye kilo 68, dhahabu 1980 uzani uleule mbele ya Andrzej Supron wa Poland, kisha shaba 1984 baada ya kupanda kilo 74. Kilo 6 zinaonekana chache, ila ukipanda unakutana na watu wenye mikono mirefu na vifua vipana, na lile kumbatio lililofunga vizuri jana leo linakosa sentimita kadhaa mgongoni.

Los Angeles 1984 ina ubishi wake. Romania ilikuwa nchi pekee ya Mkataba wa Warsaw, muungano wa kijeshi ulioongozwa na Umoja wa Kisovyeti, iliyokwenda; wengine walisusa. Wasovyeti, Wabulgaria na Wahungaria hawakuwepo, na hao ndio walikuwa vigogo wa mtindo huu. Ni haki kusema njia ilikuwa nyepesi. Lakini Vasile Andrei hakuibukia hapo, kwani Moscow 1980, wababe hao wakiwepo, alikuwa na shaba ya kilo 100. Wala njia haikuwa nyepesi kwa wote. Ilie Matei alifika fainali ya kilo 90 dhidi ya Mmarekani Steve Fraser, wakamaliza 1-1, na dhahabu ikaenda kwa Fraser kwa kuwa ndiye aliyepata pointi ya mwisho.

Miaka minne baadaye Pușcașu, aliyekuwa na shaba ya 1984, aliwashinda waliokuwa wamesusa. Kwenye fainali ya kilo 100 mjini Seoul alimshinda Leri Khabelov wa Umoja wa Kisovyeti. Mtindo huru nchini mwake haukuwa jangwa: Ladislau Simon na Stelică Morcov walikuwa wamepata shaba Montreal 1976.

Tangu hapo dhahabu ya Olimpiki haijarudi. Ioan Grigoraș alipata shaba ya kilo 130 Barcelona 1992, mwaka ambao dhahabu ya uzani huo ilikuwa ya Aleksandr Karelin. Shaba ya Rio 2016 ililetwa na Albert Saritov kwenye kilo 97, mtindo huru, naye ni mzaliwa wa Dagestan nchini Urusi. Mwaka uliofuata, kwenye ubingwa wa dunia mjini Paris, Alina Vuc alitwaa fedha ya kilo 48 nyuma ya Yui Susaki wa Japani. Kwa wanawake Olimpiki ina mtindo huru tu, kwa hiyo wasichana wanaoingia kwenye klabu zilizowalea kina Berceanu hufundishwa kushika miguu tangu mwanzo.